Kutoka Hongo ya Njia hadi Hongo ya Siri: Maana na Asili ya Maneno ya Malipo ya Utii katika Kiswahili cha Pwani

1.0 Utangulizi

Kata ya Vigwaza iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, mahali ambapo msafiri atokaye Dar es Salaam hufika baada ya kuupita mji wa Mlandizi na kulivuka daraja la mto Ruvu. Mahali hapo pana mizani ya serikali. Malori yenye shehena za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi huingia kwa zamu, hupimwa, na yaliyozidisha uzito hulipishwa kwa kiwango kilichoandikwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na anayelipa hupewa stakabadhi. Hakuna mtu anayeyaita malipo hayo hongo. Akitokea mtu wa kuyaita hivyo, atakuwa ametoa tuhuma nzito.

Hata hivyo, katika nchi hii hii ya Ukwere na Uzaramo, miaka 150 iliyopita, neno hongo ndilo lililokuwa jina la kawaida la malipo ya mpita njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ziwa Tanganyika ililipa hongo hadharani, mbele ya wapagazi wote, na tajiri wa msafara aliiweka katika hesabu zake kama alivyoweka posho ya watu wake. Neno lilikuwa la wazi kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la wazi.

Mhadhara huu unachunguza namna neno hilo lilivyohama kutoka upande wa haki kwenda upande wa jinai. Uchunguzi unaanza na swali pana zaidi: Kiswahili kinayaitaje malipo ambayo mtu au jamii huyatoa kwa mwenye mamlaka ili kuyatambua mamlaka yake? Baada ya hapo unafuata asili ya neno hongo, matumizi yake katika zama za misafara, sababu za kugeuka kwake, na mwisho funzo linalopatikana kwa watunga kamusi, wafasiri na wasomaji wa matini za kale. Jambo linalogombewa hapa ni kubwa kuliko usahihi wa kamusi. Anayesoma matini ya karne ya 19 kwa maana ya leo ya neno hongo huwahukumu watawala wa wakati huo kuwa wala rushwa kabla hajawasikiliza.

2.0 Dhana moja, maneno mengi

Lugha kadhaa za Ulaya zina neno moja lililozaliwa na neno la Kilatini tributum, ambalo awali lilimaanisha kodi waliyotozwa raia wa Roma, na baadaye malipo ya mataifa yaliyotiiwa kwa nguvu. Katika Kiingereza neno hilo limepanda cheo kwa kupita karne. Limeanza na fedha ya mtu aliyeshindwa, likafika kwenye maneno ya sifa yanayosemwa juu ya marehemu au juu ya mtu aliyetenda mema. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana nalo hulazimika kwanza kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili linalokusudiwa.

Kwa maana ya sifa, Kiswahili kina maneno yake. Marehemu huandikiwa taazia, neno la Kiarabu lenye asili ya kuliwaza wafiwa. Mwaka 1999, alipofariki Mwalimu Julius Nyerere, magazeti ya Tanzania yalijaa taazia za nathari na za ushairi. Aliye hai hupewa tuzo, na mwimbaji wa taarabu hutuzwa papo hapo mbele ya hadhira. Juu ya yote hayo liko neno heshima, ambalo huweza kumaanisha hisia, tendo, na hata kitu kinachotolewa.

Kwa maana ya malipo, orodha ni ndefu zaidi. Ushuru umetokana na neno la Kiarabu linalohusu sehemu ya kumi ya mali, nao katika pwani umefungamana na forodha, yaani mahali pa kupakulia na kukagulia bidhaa. Kodi ni malipo ya mkazi kwa mwenye nyumba au kwa dola; ndilo neno ambalo wafasiri wa Biblia walilichagua kwa malipo ya Kaisari katika Injili ya Mathayo. Ada, neno la Kiarabu lenye maana ya desturi, ni malipo ambayo haki yake inatokana na mazoea: yamekuwa yakitolewa, kwa hiyo yatatolewa. Kilemba kilikuwa kitambaa cha kichwani kabla ya kuwa jina la malipo ya heshima kwa mwalimu, fundi au mjomba. Kila neno linabeba hoja yake ya uhalali. Ushuru unahalalishwa na kipimo, ada inahalalishwa na desturi, kilemba kinahalalishwa na uhusiano wa watu wawili.

Historia ya pwani inatoa mifano ya malipo ya utii yasiyokuwa na uhalali wowote isipokuwa nguvu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, kutoa dhahabu kama alama ya kuwa chini ya mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon na kufuliwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, ambacho hadi leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Malipo ya Kilwa yalikuwa malipo ya mshindwa. Malipo ya njia ya Bagamoyo yalikuwa ya namna nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayolipa neno hongo umuhimu wake.

3.0 Kanda la Pazi

Kabla ya kuliendea neno hongo, yafaa kusimama kidogo kwenye istilahi moja ya nchi hii ambayo kamusi nyingi zimeipita kimya. Masimulizi ya Washomvi na Wazaramo yanaeleza kwamba Washomvi, waliokaa pwani kati ya Bagamoyo na Mzizima wakifanya biashara ya chumvi na samaki, walishambuliwa na Wakamba. Wakaomba msaada kwa kiongozi wa Kizaramo aliyeitwa Pazi Kilama. Wakamba wakashindwa, na Washomvi wakakubali kumpa Pazi na warithi wake malipo ya kila mwaka. Malipo hayo yaliitwa kanda la Pazi.

Kanda ni mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa ukindu au miyaa, ambao watu wa pwani huutumia kuwekea nafaka, chumvi na vitu vidogo vya safari. Kwa hiyo jina la malipo ni jina la chombo chake. Hapana neno la kutiishwa ndani yake, wala la kushindwa. Kuna mfuko, na kuna mwenye mfuko. Aliyeulizwa kwa nini anapeleka kanda angeweza kujibu kwa kisa cha vita na wokovu, na kisa hicho ndicho kilichokuwa hati ya madai.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, mtoaji alikuwa tajiri kuliko mpokeaji: watu wa pwani wenye bandari walimpelekea malipo kiongozi wa bara. Hivyo si sahihi kudhani kwamba malipo ya utii siku zote hutiririka kutoka kwa mnyonge wa mali kwenda kwa mwenye nacho. Pili, malipo yalikuwa na upande wa pili. Pazi alipokea kwa sababu alilinda, na ahadi ya kulinda ilikuwa sehemu ya maana ya kanda. Upande huo wa pili ndio wa kuuangalia katika kila neno linalofuata.

4.0 Umbo la neno hongo

Neno hongo ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi honga kwa kubadili irabu ya mwisho kuwa -o. Njia hii ya uundaji ni ya Kibantu na imezaa nomino nyingi: tenda huzaa tendo, funza huzaa funzo, pata huzaa pato. Jambo la kuvutia ni kwamba maneno kadhaa ya malipo yameundwa kwa kanuni hiyo hiyo. Panga nyumba huzaa pango, yaani kodi ya nyumba. Tuza huzaa tuzo. Toza huzaa tozo. Honga huzaa hongo.

Kwa umbo, maneno hayo manne ni ndugu. Kwa sarufi ya ndani hayafanani. Katika toza, mtendaji ni mpokeaji: mkusanyaji humtoza mfanyabiashara. Kitenzi chenyewe ni kauli ya kusababisha ya toa, maana yake kumfanya mtu atoe. Katika honga, mtendaji ni mtoaji: tajiri humhonga mtawala. Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika kauli ya kutendwa. Aliyetozwa ni mtu aliyetoa mali yake. Aliyehongwa ni mtu aliyepokea mali ya mwenzake. Sentensi mbili zilizotungwa kwa mfano zinaweza kueleza tukio moja: "Mtemi amemtoza tajiri doti kumi," na "Tajiri amemhonga mtemi doti kumi." Doti ni zile zile na waliohusika ni wale wale. Sentensi ya kwanza inamweka mtemi katika kiti cha mamlaka. Ya pili inampa tajiri hila na nia, na kumfanya mtemi mtu aliyefanyiwa jambo.

Hapa ndipo penye mbegu ya mageuzi ya baadaye. Watu wa misafara walipolichagua neno hongo kwa malipo ya njia, walichagua neno linalotazama tukio kutoka upande wa mlipaji. Sarufi ya neno haikuamua hatima yake, kwa maana tuza nayo humweka mtoaji katika nafasi ya mtendaji na bado tuzo imebaki neno la heshima. Lakini sarufi iliacha mlango wazi. Mara mamlaka ya mpokeaji yalipokanushwa, neno lilikuwa tayari kueleza kitendo cha mtu anayemnunua mwenzake.

Tahadhari moja ya kitaaluma inafaa kutolewa hapa. Wanafunzi huvutiwa kuliunganisha neno hongo na neno hongera kwa sababu ya sauti. Kufanana kwa sauti ni mwaliko wa kuchunguza tu. Hakutoshi kuthibitisha nasaba. Mtafiti wa asili za maneno anadaiwa kanuni ya uundaji, matini zenye tarehe, na mfululizo wa maana unaoeleweka. Kwa honga na hongo vyote vitatu vipo.

5.0 Hongo katika zama za misafara

Katikati ya karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango mkuu wa njia ya kati. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara kwa kipimo cha frasila, na nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda. Nguo ya merikani, iliyopata jina lake kutokana na Wamarekani walioileta Zanzibar, ilikuwa fedha ya njiani. Shuka moja ilikuwa mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti. Hongo ilihesabiwa kwa vipimo hivyo.

Richard Burton na John Speke walianza safari yao Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Walipita Uzaramo kwa hofu, kwa kuwa mwaka 1845 Mfaransa Eugène Maizan aliuawa huko katika kijiji cha Dege la Mhora. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton aliyaeleza kwa urefu malipo ya njiani. Henry Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, naye alijaza kurasa kwa malalamiko juu ya malipo hayo. Wasafiri hao waliyapa majina ya lugha yao, mara jina la malipo ya mtawaliwa kwa mfalme, mara jina la fedha wanayotozwa watu na wanyang'anyi wa mipakani. Kwa hiyo hukumu iliingia ndani ya tafsiri. Msomaji wa Ulaya hakuambiwa kwanza ni nini kilichotokea. Aliambiwa ni jinai ya aina gani.

Ugogo ndiko hongo ilikokuwa nzito kuliko kwingine kote. Sababu yake ilikuwa maji. Msafara uliotoka Mpwapwa ulilivuka pori kame la Marenga Mkali, ukaingia nchi yenye visima vichache na mvua za shida. Kila mtemi alikuwa mkuu wa eneo lake, na kila mmoja alilipwa kwa nafasi yake. Msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya kisima ambacho wenyeji walikitegemea pamoja na mifugo yao kwa miezi yote ya kiangazi. Ulinunua nafaka katika nchi inayojua njaa. Majadiliano ya hongo yaliweza kuchukua siku kadhaa: wajumbe walikwenda na kurudi, nguo zilikataliwa kwa ubovu, nyingine ziliongezwa. Yalipokwisha, msafara uliruhusiwa kuteka maji, kununua chakula na kupita. Aliyekataa kulipa alinyimwa maji, na huenda akapigwa vita.

Waswahili wenyewe waliandika habari hizo. Carl Velten alichapisha mwaka 1901, huko Göttingen, mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, wenye simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara. Mwaka uliofuata Heinrich Brode alianza kuchapisha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwaka 1903 Velten alitoa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichoandikwa kwa sehemu kubwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Katika maandishi ya wasafiri hao hongo ni sehemu ya safari kama zilivyo mvua na njaa. Huweza kuwa kubwa mno, huweza kuudhi, na huweza kuleta ugomvi. Lakini mwandishi haoni haja ya kuificha. Mlipaji haoni aibu kwamba amelipa. Anachopigania ni kiasi.

Ushahidi wa kamusi unakubaliana na hayo. A. C. Madan, katika kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1903, aliieleza hongo kuwa ni malipo ya kupita katika nchi ya mtawala, na kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson mwaka 1939 iliurithi ufafanuzi huo pamoja na maana ya kumpa mtu kitu ili apinde haki. Hivyo kwa muda maana mbili ziliishi nyumba moja. Neno halikuruka kutoka maana moja hadi nyingine. Liliazima maana ya pili, na baadaye likafiwa na ile ya kwanza.

6.0 Kwa nini maana ya kwanza ilikufa

Sababu ya kwanza ni ya kisiasa. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa utawala na forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Vita vya Abushiri vikafuata hadi mwaka 1889, na Bagamoyo ikawa moja ya viwanja vyake vikuu. Wajerumani waliposhika ngome za njiani, hongo ya watemi ilihesabiwa kuwa kizuizi kwa biashara na dharau kwa dola mpya. Wakati huo huo dola hiyo iliweka malipo yake. Amri ya mwaka 1897 ilianzisha kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na maakida na majumbe wakatumwa kuikusanya.

Tukio hilo lina maana kubwa kwa mwanaisimu. Malipo ya kumtambua mwenye nchi hayakukoma, isipokuwa mwenye nchi alibadilishwa, na pamoja naye likabadilishwa neno. Yaliyokwenda kwa dola yaliitwa kodi na ushuru. Neno hongo likabaki na malipo yanayokwenda kwa mtu asiyetambuliwa na dola. Mtu wa namna hiyo akidai, anadai bila haki. Na anayempa, anampa ili apate kinyume cha sheria kile ambacho sheria ingemnyima. Maana ya rushwa ilipata nafasi kwa sababu uhalali wa mpokeaji uliondolewa kwa amri.

Sababu ya pili ni ya uchumi na usafiri. Reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Njia yake ilipita katika nchi ya Ruvu, si mbali na Vigwaza. Treni haikuomba maji kwa mtemi, na mzigo wa mapagazi mia uliingia katika behewa. Misafara ya Bagamoyo ikafifia, na jambo lililokuwa likiitwa hongo likatoweka machoni pa watu. Vijana waliozaliwa baada ya hapo walilikuta neno bila kulikuta jambo lake la kwanza.

Sababu ya tatu ni ya maadili ya taifa huru. TANU iliweka katika ahadi za mwanachama wake katazo la kupokea na kutoa rushwa. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971, na sheria mpya ya mwaka 2007 ikaunda Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, yaani TAKUKURU. Katika majina rasmi neno lililochaguliwa ni rushwa, lenye asili ya Kiarabu. Hongo ikawa mwenzake wa mitaani, na kitenzi honga kikapanuka hadi kwenye mapenzi, kwa mwanamume anayemmiminia mwanamke zawadi ili ampate. Hata katika matumizi hayo, ile sarufi ya kale imesimama: mtendaji ni mtoaji, na nia ni yake.

7.0 Takrima: historia inajirudia

Anayedhani kwamba kuhama kwa neno hongo ni jambo la zamani lisiloweza kutokea tena, na aangalie neno takrima. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili linahusu kukirimu na kutukuza. Katika pwani ya Waswahili mgeni alikirimiwa, na mwenye kukirimu alisifiwa. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili mambo yanayofanywa na mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa jadi yasihesabiwe kuwa rushwa. Vyakula, vinywaji na zawadi katika kampeni vikapata jina la heshima.

Mashirika matatu ya kutetea haki, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalifungua shauri. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vilikwenda kinyume cha Katiba, kwani viliwabagua wagombea wasio na mali na kuathiri haki ya wananchi kuchagua kwa uhuru. Kwa tafsiri ya kiisimu, mahakama ilikataa neno litumike kulisafisha tendo. Haikusema kwamba ukarimu ni kosa. Ilitazama nani anatoa, lini anatoa, na anatarajia nini kwa mpokeaji.

Tofauti ya hongo na takrima iko katika mwelekeo wa mwanzo. Hongo ilishushwa kutoka juu: dola ilimkana mpokeaji, na neno likaporomoka naye. Takrima ilichukuliwa kutoka kwenye adabu za nyumbani ikavalishwa tendo la kisiasa, na neno likachafuka kwa kazi liliyopewa. Leo Mtanzania mzima akisema takrima kwa sauti fulani, wasikilizaji hutabasamu. Maneno chai, asante na kitu kidogo yamepita njia hiyo hiyo, na wanaoyatumia huyachagua kwa sababu bado yananukia wema.

Kwa upande wa pili, neno la wazi na la kisheria halihakikishiwi mapenzi ya watu. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilianzisha tozo za miamala ya simu, zikalalamikiwa sana, na mwaka huo huo zikapunguzwa. Hapakuwa na siri katika tozo hizo, na kila mtu aliona makato katika simu yake. Malalamiko yalihusu kiasi na haki yake, kama yalivyokuwa malalamiko ya matajiri wa misafara kule Ugogo. Tozo zilibaki kuwa tozo, hazikuitwa hongo. Jambo hilo linaonyesha kwamba ukubwa wa malipo hauligeuzi jina. Kinachogeuza jina ni hadhi ya mpokeaji na uwazi wa mapokezi.

8.0 Matokeo kwa wasomi

Kutokana na uchunguzi huu, vigezo vitatu vinaweza kupendekezwa katika kuyachambua maneno ya malipo ya utii. Kigezo cha kwanza ni mpokeaji: anapokea kwa jina lake, au kwa jina la cheo na jamii anayoiwakilisha? Pazi alipokea kanda kwa nafasi ambayo mrithi wake pia angeipokelea. Kigezo cha pili ni mwonekano: malipo yanatolewa mbele za watu na kwa kipimo kinachojulikana, hata kama kiasi chake kinajadiliwa? Kigezo cha tatu ni kinachorudi: mlipaji anapata njia, maji na ulinzi ambavyo mwingine yeyote atakayelipa atavipata, au anapata upendeleo ambao mwenzake ananyimwa? Kwa vigezo hivyo hongo ya Ugogo ilikuwa karibu zaidi na ushuru wa mizani kuliko na bahasha ya gizani. Mizani ya kisasa ina sifa moja ambayo mtemi hakuwa nayo, nayo ni kiwango kilichoandikwa kinachomlinda hata mlipaji mnyonge. Upungufu huo wa mfumo wa kale usifichwe, kwani palipo na majadiliano matupu, mwenye nguvu huongeza doti apendavyo.

Kwa watunga kamusi, ni vyema kidahizo hongo kipewe maana zake kwa mpangilio wa kihistoria. Maana ya ushuru wa mpita njia itangulie na kuwekewa alama ya matumizi ya kale, na maana ya rushwa ifuate. Istilahi kama kanda la Pazi ziingizwe pamoja na maelezo ya jamii zilizozitumia. Kidahizo kinachotaja maana moja tu ya leo humnyima mwanafunzi ufunguo wa maandishi ya Selemani bin Mwenye Chande na wenzake.

Kwa wafasiri, neno la Kilatini na vizazi vyake katika lugha za Ulaya lisipewe kisawe kimoja cha kudumu. Dhahabu ya Kilwa ya mwaka 1502 ni malipo ya kutiishwa. Kanda la Pazi ni malipo ya ulinzi. Doti za Ugogo ni hongo ya njia, na inafaa maneno hayo mawili, "ya njia", yaongezwe ili msomaji wa leo asipotee. Sifa za marehemu ni taazia.

Kwa walimu wa historia na fasihi, matini za misafara zisomwe darasani na swali hili liulizwe kabla ya mengine: neno hili lilikuwa na maana gani kwa aliyeliandika? Mwanafunzi atakayejizoeza kuuliza hivyo hatawaita watemi wa Ugogo wala rushwa kwa sababu tu Stanley alikasirika, wala hatawatakasa wadai wa leo kwa sababu tu wanatumia neno la wazee.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba hongo ni nomino ya Kibantu iliyotokana na kitenzi honga, iliyotumika hadharani katika njia ya Bagamoyo kwa malipo ya mpita njia, na iliyopoteza maana hiyo pale utawala wa Kijerumani ulipowanyima watawala wa bara haki ya kupokea na reli ilipoiondoa misafara. Umeonyesha pia kwamba umbo la kitenzi chenyewe, linalompa mtoaji nafasi ya mtendaji, liliurahisisha mgeuko huo, na kwamba neno takrima limepita katika mgeuko unaofanana nao mbele ya macho ya kizazi cha sasa.

Utafiti zaidi unahitajika vijijini, hasa katika Kikwere, Kizaramo, Kizigua na Kigogo, ili kukusanya majina ya malipo ya kale ambayo Kiswahili sanifu hakikuyachukua. Kazi hiyo ianzie kwa wazee wa maeneo ya njia kongwe, Vigwaza ikiwa mojawapo, kwa sababu maneno ya njiani hukaa zaidi kwa watu wa kando ya njia. Yakikusanywa, yataiwezesha lugha kueleza kwa usahihi ni malipo gani waliyotoa wahenga, kwa nani, na kwa haki ipi.